Ulikufa kwa Jina Langu

Hamdu,

Asubuhi hii mtu wa posta kaniletea tena barua ya kuniarifu kwamba mimi nimekufa. Hii ni ya tano sasa. Ina adabu kuliko zote, karatasi nzito, muhuri, sahihi ya wino, na ndani yake wanasema Sajenti Nassor Said, mpiga bunduki wa ndege ya mabomu, aliuawa vitani na jina lake litabaki ukutani kama lilivyoandikwa. Juu ya bahasha wameandika Bwana Nassor Said, Thamesmead, London. Wamemwandikia maiti kumpa habari za msiba wake, na hakuna hata mmoja aliyekuna kichwa. Nimeisoma nimesimama jikoni, chai inapoa, na nilichotamani ni kukukamata sikio, yakhe, nikuburure mpaka kwenye hiyo ofisi ukajieleze mwenyewe.

Maana mimi nimeshindwa. Nimejaza fomu, nimepanda mabasi na matreni, nimekaa kwenye viti vya plastiki nikingoja kuitwa jina ambalo wao wanasema ni la marehemu. Nina miaka sitini na sita na goti bovu, na lifti ya hapa kwetu ikifanya kazi siku mbili mfululizo tunapashana habari kama mwezi umeandama. Na wewe je? Wewe umepumzika. Siku zote ulikuwa hivyo, unafanya jambo halafu mimi nabaki kulijibia.

Hujui lolote lililofuata, kwa hivyo ngoja nikueleze kwa utaratibu, na usinikatize.

Miaka yote hii huku London nimewaambia watu kwamba mdogo wangu aliniibia cheti cha skuli na karatasi ya kuzaliwa, akatoroka navyo. Binti yangu Zuwena kakua akikuita ami mwizi. Lakini mimi na wewe tunajua. Ulinijia barazani kwetu Ng'ambo, mama kaenda harusini, ukaniambia, "Kaka, nipe vile vyeti vyako. We ushapata kazi forodhani, huvitumii tena." Ulikuwa na miaka kumi na sita, skuli wameshakufukuza, umepata nafasi ya kumenya viazi kwenye meli ya Waingereza, na umesikia kwamba huko kwao wanatafuta vijana wa ndege za vita, ila lazima wawe wametimiza miaka kumi na minane na wamesoma. Mimi nilikuwa nimetimiza na nimesoma. Nikaingia ndani, nikafungua kasha, nikakupa kwa mkono huu huu unaoandika. Nikakwambia ukifika unirudishie kwa posta. Nilikuwa mpumbavu kiasi hicho.

Mama tukamwambia umekwenda Mombasa, kazi ya bandarini.

Ukaleta barua tatu. Zote ulitia sahihi Nassor, kwa kuwa wakubwa wako walikuwa wakizisoma kabla hazijaondoka, na zote uliniandikia mimi Nassor, kwa hivyo nilikuwa nikipokea barua zangu mwenyewe kutoka vitani. Ya pili naikumbuka neno kwa neno. Uliandika, "Wenzangu sita wako mbele, wanaona tunakokwenda. Mimi nakaa mkiani peke yangu na bunduki zangu, nimewapa mgongo. Naona tulikotoka tu." Chini yake ukaongeza, "Mwambie mama asinishonee kofia, huku tunavaa ya ngozi." Mama alisoma msahafu, herufi za Kizungu hakuzijua, basi barua nilimsomea mimi. Nikamsomea kwamba Mombasa kuna joto, unakula vizuri, na unamwomba radhi. Habari ya kofia sikumpa.

Halafu ikaja telegramu.

Aliileta karani wa serikali, mtu mwembamba na mwavuli wake, akamfasiria mama pale mlangoni polepole. Sajenti Nassor Said, ndege yake haikurudi, anahesabiwa kuwa amekufa. Mama akamtazama. Kisha akaangua kicheko, akaita ndani, "Nassor, hebu njoo mlangoni ujione ulivyokufa." Nikatoka na kipande cha mkate wa kumimina mkononi. Nilielewa kabla sijafika mlangoni, Hamdu. Wallahi nilielewa. Karani akanitazama juu mpaka chini, akauliza kama mimi ndiye Nassor Said. Nikasema ndiye. Akauliza, basi hii ni nini. Nikasema, "Kuna makosa, bwana."

Maneno matatu tu. Mama akampa karani kahawa na kipande cha halua kwa usumbufu wake, na jioni akagawa mikate kwa majirani kumshukuru Mungu kwamba mwanawe kafa kwenye karatasi tu.

Nilijiambia nitamwambia kesho. Kesho ikawa wiki, ikaingia Ramadhani, na mtu aliyefunga huwezi kumpa habari kama ile. Ikawa Idi. Vita vikaisha, watu wakarudi makwao, wewe hukurudi, na mama akasema Mombasa imekupa mke anayekukataza nyumbani. Akakukasirikia. Nikaona hasira ni afadhali kuliko kilio, nikaiacha ikae. Mara mbili alipozidi kuulizia habari zako nilitoa barua yako ya zamani nikamsomea upya, nikabadilisha hali ya hewa.

Na zile kofia. Wewe ulimkataza kwa barua ambayo hakusomewa, basi kila mwaka alikushonea kofia ya Idi, ile ya mkono, ya vitobo vidogo vidogo vinavyokula macho na miezi. Na kwa kuwa kichwa chako hakikuwepo, alipimia changu. Alikuwa akisema, "Lete hicho kichwa nimpimie mwenzio." Nami nikakaa chini kwenye mkeka mbele ya magoti yake, nikainama, akanizungushia uzi. Miaka ishirini, Hamdu. Nilikuwa na mke, nina mvi, naitwa bwana mkubwa kule forodhani, na bado nakaa mkekani kupimiwa kofia ya maiti. Alikuwa akinisukuma kichwa na kusema, "Tulia, we, Hamdu hakuwa na papara hivi." Kama kuna mtu aliyekuwa na papara kisiwa kizima ni wewe, na nilishindwa hata kumbishia hilo.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Waongo wao wenyewe. Yangu ilifika mpaka Mapinduzi na ikapita.

Yalipotokea Mapinduzi nilipoteza kazi, nikaingiwa na hofu, na baada ya miezi nikapata njia ya kuondoka na mke wangu, Mungu amrehemu, na Zuwena akiwa bado mchanga. Nafasi ya mama ilikuwepo. Nakuapia ilikuwepo, nilimtafutia mwanzo kabla ya yangu. Akasema haendi. Nikambembeleza siku tatu. Akasema, "Hamdu akirudi atagonga mlango wa nani?"

Jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa hapa kooni, neno moja tu, na lingemtoa ndani ya nyumba ile akiwa analia lakini mzima, na mimi ningemweka hapa London kwenye chumba chenye joto akagombane na wajukuu. Sikulisema. Nilimwogopa. Mwanamume mzima, nimepita vizuizi vyenye bunduki nisitetemeke, nikamwogopa mama yangu kwa kosa la miaka ishirini. Asubuhi ya kuondoka akanivisha kofia yako ya mwaka ule, akasema niitumie mimi kwanza kwa sababu ya baridi ya Ulaya, wewe atakushonea nyingine.

Miaka mitatu baadaye jirani yetu akaniandikia. Nilikuwa nafanya kazi ya kufua mashuka hospitalini, Lewisham, nikaifungua barua katikati ya mvuke. Mama alikuwa amefariki, wamemzika vizuri, watu walijaa. Aliugua siku chache tu. Na kwenye kitanda wamekuta kofia haijaisha, sindano imo. Nikaikunja barua, nikaendelea kukunja mashuka. Sikulia siku ile, nilikasirika. Nilikukasirikia wewe, nikawakasirikia Waingereza na vita vyao, nikawakasirikia waliopindua na waliopinduliwa. Kila mtu alipata sehemu yake isipokuwa mwenye nayo.

Sasa mwaka jana nimestaafu, na mtu aliyestaafu akili haina pa kujificha. Nilikuwa nimesikia zamani kwamba nje ya mji kuna ukuta wa mawe juu ya kilima, walipoandikwa wanahewa wasio na makaburi. Nikamwomba Zuwena anipeleke kwa gari. Yeye ni nesi, siku yake ya mapumziko ni moja, akanipa hiyo. Tukatafuta kwa kidole, jiwe baada ya jiwe, mpaka nikajisoma. Nassor Said. Chini yake mtu kaweka ua jekundu la karatasi. Mzungu mmoja mzee na fimbo yake akaniuliza kwa upole kama huyo ni ndugu yangu. Nikamjibu, "Ni mimi." Akarudi nyuma hatua mbili, na Zuwena akanishika mkono akasema, "Baba, twende zetu."

Kwenye gari nilikuwa nachemka. Mimi niliyebaki nyumbani nakula mkate nina ukuta na ua. Wewe uliyekaa kwenye baridi ile na mgongo kwa wenzako hupo mahali popote duniani. Karatasi yako ya kuzaliwa ilipotea na kasha la mama, skuli walikufuta, picha hatuna. Nikasema mbele ya Zuwena, kabla sijafa jina la Hamdu litakaa pale na langu litatoka. Akasema, "Lakini si alikuibia?" Nikasema ndiyo, lakini ni ndugu yangu.

Ndipo zikaanza fomu. Ofisini walinipa msichana mwenye miwani, mpole, na upole wao ndio unaoniua, maana huwezi kuugombeza. Mara ya tatu akaniambia amelipata faili. Akalifungua. Hamdu, utacheka. Ndani ya faili mlikuwa na karatasi ya yule karani mwenye mwavuli. Kaandika kwamba alifika nyumbani kwa mama wa marehemu, na marehemu mwenyewe akatoka mlangoni akila mkate, akasema kuna makosa. Mimi niliyetoka Unguja bila hata picha moja ya mama, mkate wangu umehifadhiwa London ndani ya faili.

Nikadhani kesi imekwisha, ushahidi huu hapa. Msichana akavua miwani. Akaniuliza, siku ile mlangoni, ulijua ni nani aliyekufa?

Zuwena alikuwa amekaa pembeni yangu na koti mapajani. Nikasema, "Sikujua."

Msichana akafunga faili. Akasema basi kuna kosa la zamani lisilo na maelezo, na ofisi haiwezi kumtoa mtu ukutani na kumweka mwingine kwa kudhania. Nikamwambia maneno makali ambayo sitakuandikia. Nyumbani niliendelea, nikaligombeza kaunsili, wenye jengo letu, kwa ajili ya lifti, nikaigombeza televisheni, nikagombeza mihogo ya soko la Lewisham kwamba ina mizizi. Zuwena akaniuliza, "Baba, hivi unamgombeza nani?" Nikaingia chumbani.

Nikasema kama serikali haitaki, nitakusomea khitma, msahafu mzima kwa ajili yako, hilo halina fomu. Hukuwahi kusomewa, unajua. Nani angekusomea, na mimi ndiye niliyesema hakuna maiti? Wakaja watu kumi, viatu vikajaa kwenye ujia mpaka mlango wa jirani, tukagawana juzuu tatu tatu, na Zuwena jikoni na pilau. Tulipomaliza, imamu akataka kuomba dua, akauliza jina la marehemu. Nikasema Hamdu bin Said. Akauliza, na mama yake. Nikasema Salama. Akaanza, "Hamdu, mwana wa Salama," na nikasikia sauti yangu inasema, ngoja, sheikh, ngoja kidogo.

Mtu hakatizi dua. Wakanitazama wote. Nikawaambia. Cheti nilitoa mimi. Telegramu niliielewa mimi. Kofia nilipimiwa mimi. Na mama nilimwacha kwenye nyumba ile akikungoja, na ufunguo wa kumtoa ulikuwa mdomoni mwangu. Nikasema yote. Nilipogeuka, Zuwena kasimama kwenye mlango wa jikoni na mwiko mkononi. Akasema, "Bibi alikuwa anampimia kofia mtu aliyekufa, na wewe unajua, na unainamisha kichwa?"

Nikasema ndiyo, mwanangu.

Akafunika sufuria, akatoka nje kwenye ujia, akasimama katikati ya viatu vya watu. Imamu akamaliza dua. Zuwena akarudi, akapakua, akahudumia kila mtu kwa heshima, na hakusema nami wiki mbili. Simlaumu. Angekuwa na bibi, na mimi nilimnyima.

Wiki ya tatu akaja na gari bila kupiga simu, akasema, "Vaa viatu." Akanipeleka Rayners Lane kwa Bwana Jayanti. Unamkumbuka Jayanti, mtoto wa fundi cherehani wa mtaa wetu? Sasa ni mzee kama mimi, ana duka karibu na stesheni, na Kiswahili chake bado cha Ng'ambo kabisa. Nikamwambia nataka kuandika kiapo, na ninahitaji mtu wa pili aliyekujua. Akasema, "Hamdu? Alinivunjia kioo cha dirisha kwa mpira wa matambara, halafu akamsingizia kaka yake." Nikacheka mpaka goti likauma. Nilipigwa kwa kioo kile, shetani we. Akatuandikia kwa taipureta yake nyuma ya duka, ukweli wote, pamoja na kile nilichojua mlangoni, tukatia sahihi mbele ya wakili, tukapeleka.

Na jibu ndilo hili la asubuhi. Wanasema wamekipokea kiapo changu. Wanasikitika. Hawatilii shaka maneno yangu. Ila mwanajeshi huandikwa kwa jina alilotia sahihi mwenyewe, na wewe ulitia langu, kwa hivyo langu linabaki, na kiapo kitawekwa ndani ya faili. Pamoja na mkate, nadhani. Umri wote huu nimeuficha ukweli, na siku nilipoutoa wakautia kabatini.

Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini kwangu mimi hata kifo kimekataa.

Basi nimefanya hivi. Mchana Zuwena alipopita na dawa zangu nikampa barua aisome. Alipomaliza nikamwambia, siku yangu ikifika, kwenye jiwe la kaburi langu uandike Hamdu bin Said. Akaniambia, "Baba, usinitie wazimu. Na wewe utaandikwa wapi?" Nikamwambia mimi nimeshaandikwa, tena kwenye ukuta wa mawe, na ua chini yake. Imamu nilishamuuliza kwa simu, naye kaguna, kasema malaika hawasomi mawe. Nikamwambia ndiyo maana sina wasiwasi, jiwe ni la watu. Na mchonga mawe anaandika anachoandikiwa kwenye karatasi, haulizi faili.

Zuwena akaitazama ile kofia yako, ipo juu ya rafu, imekuwa ya manjano. Akaitoa vumbi. Akaniuliza, "Ami Hamdu alikuwa na kichwa kikubwa kama chako?" Hakusema mwizi. Nikamwambia sijui, hatukuwahi kupimwa pamoja.

Kwa hivyo nakuaga, mdogo wangu, na nakupa ahadi hii, na ya safari hii haina mlango wa nyuma. Ulichukua cheti changu, ukachukua jina langu, ukafa kifo kilichoandikwa jina langu. Sawa. Chukua na kaburi langu. Litakuwa hapa London, kwenye mvua, na Zuwena atakuja siku yake ya mapumziko, na mtu yeyote atakayepita atakusoma wewe.

Na siku hiyo, wakishanifukia, imamu atachutama kichwani pangu kwa talkini, kumkumbusha maiti atakavyowajibu malaika, na kwenye talkini maiti haitwi kwa baba yake wala kwa cheti cha skuli. Ataita mwana wa Salama. Uwe macho, Hamdu, tuitike pamoja, maana mama atakuwa anasikiliza ni wangapi.

Kaka yako, ambaye bado yu hai,

Nassor